Njaa Haikai Tumboni

Chini ya kitanda cha shangazi, ndani ya beseni bovu lililotandikwa majani makavu ya mgomba, mtetea mweusi alikuwa ameatamia mayai 11. Siku ya tano jirani aliyekuja kuazima kinu aliinama kuchungulia. Punje za mahindi zilikuwa zimemwagwa karibu kabisa na mdomo wa kuku, na hakuna hata moja iliyodonolewa.

"Wifi, huyu kuku anaumwa."

"Haumwi," shangazi akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ana kazi."

Sisi tumezoea kuiona njaa kama shimo: likiwa tupu unalijaza, likijaa unanawa mikono. Mnyama akila sana tunamwita mlafi, asipokula tunamwita mgonjwa. Lakini kula ni uamuzi, na uamuzi huo hupitishwa ubongoni baada ya kusoma barua zinazoletwa na damu kutoka kila pembe ya mwili. Barua hizo ndizo homoni, jina lililotumiwa kwanza na mwanafiziolojia Ernest Starling mjini London mwaka 1905. Zifuatazo ni kauli tisa zinazosikika mara kwa mara kuhusu njaa na shibe, na hukumu ya kila moja.

1. "Njaa ni tumbo tupu."
SI KWELI

Kuna wakati kauli hii ilikuwa sayansi yenyewe. Mwaka 1912 Walter Cannon wa Marekani alichapisha jaribio lililofanywa kwa mwili wa msaidizi wake, A. L. Washburn. Kijana huyo alijizoeza kumeza mpira mwembamba uliofungwa kwenye mrija. Mpira ukishafika tumboni ulijazwa upepo, na kila tumbo lilipojikunja, chombo kilichora mstari kwenye karatasi. Washburn naye alibonyeza kitufe kila alipohisi njaa. Mikunjo na njaa vikawa vinaandamana. Cannon akaona jambo limekwisha: njaa ni tumbo kujikunja.

Halikwisha. Watu waliotolewa mfuko mzima wa tumbo kwa upasuaji bado husikia njaa, na panya waliofanyiwa hivyo bado hutafuta chakula. Tumbo linaweza kunguruma, lakini njaa ina makao mengine.

Hata hivyo tumbo si bubu. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walitangaza homoni waliyoipata kwenye tumbo la panya, wakaiita grelini. Hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake. Panya akichomwa sindano ya grelini hula, hata kama ametoka kula sasa hivi. Kwa hiyo tumbo huandika barua, ila msomaji wake yuko kichwani: haipothalamasi, sehemu ya ubongo ambayo kwa binadamu haizidi sana ukubwa wa korosho. Humo mna kundi la seli linalosukuma "kula" na kundi jingine linalosukuma "acha". Barua za tumbo, utumbo, kongosho na mafuta ya mwili hufika hapo pamoja, na mvutano wa makundi hayo mawili ndio tunaouita hamu ya kula.

2. "Ukikosa kula, njaa hupanda saa baada ya saa bila kushuka."
SI KWELI

Anayefunga Ramadhani analijua hili bila maabara. Saa saba mchana, wakati wa chakula alichozoea, tumbo humkumbusha kwa ukali. Ikifika saa tisa ukali umepoa, naye hajatia kitu kinywani. Grelini ina saa yake: hupanda karibu na nyakati ambazo mwili umezoea kulishwa, kisha hushuka hata kama sahani haikuja. Kondoo wanaolishwa kwa ratiba hupandisha grelini muda mfupi kabla ya malisho kufika. Ndiyo maana mbuzi wa zizini huanza kulia alasiri kabla hujashika hata panga la kukatia majani. Hajaona chakula, lakini damu yake imeshajua saa.

3. "Kushiba ni tumbo kujaa."
NUSU KWELI

Kujaa kuna kazi yake. Kuta za tumbo zikivutika, neva hupeleka habari ubongoni. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mdudu tunayemlaani kila usiku. Mbu jike wa aina ya Aedes aegypti hunywa damu inayokaribia uzito wake mwenyewe, kisha huacha. Nani amemwambia aache? Mwaka 1969 mtafiti Robert Gwadz aliikata kamba ya neva inayopita tumboni mwa mbu. Mbu wale wakanywa, wakanywa, mpaka wakapasuka.

Lakini neva hueleza sehemu moja tu ya habari. Mbu aliyeshiba huendelea kutomtamani binadamu kwa siku kadhaa, hata damu ikiwa imeshaanza kusagwa na tumbo kupungua. Hapo kinachomzuia ni kemikali zake za mwilini. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza jinsi walivyowalisha mbu dawa zilizokusudiwa kuchezea hamu ya kula ya binadamu. Mbu wenye njaa wakatulia kama walioshiba damu. Baadaye wakapata kipokezi chenyewe katika mwili wa mbu ambacho dawa hukikamata. Mdudu na mwanadamu wametengana zamani sana, ila herufi za barua zao bado zinafanana.

Kwa panya ushahidi ulikuja mapema zaidi. Panya waliotobolewa tumbo na kuwekewa mrija, ili kila wanachokunywa kivuje nje, hunywa bila kukoma. Mwaka 1973 wanasayansi wa New York walionyesha kwamba homoni ya utumbo iitwayo kolesistokinini hupunguza ulaji wa panya. Panya wa mrija wakichomwa homoni hiyo hunywa kidogo, hujilamba manyoya, kisha hulala, kama panya yeyote aliyeridhika. Tumbo halikujaa, lakini shibe imekuja.

Ikafuata hila ya mwili. Panya waliopewa homoni hiyo katika kila mlo walipunguza mlo, kisha wakaongeza idadi ya milo. Walichonyimwa kwa kijiko walikirudisha kwa mikupuo.

4. "Mnyama mnene ni mlafi asiyejua kujizuia."
SI KWELI

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson mjini Bar Harbor, Marekani, walizaliwa panya wasioacha kula. Mmoja wao aliweza kuwa na uzito mara tatu ya wenzake. Baadaye ikapatikana nasaba nyingine ya panya wanene wenye kisukari. Mtafiti Douglas Coleman akafanya jambo la kutisha kidogo: aliwashona panya wawili ubavu kwa ubavu ili washirikiane damu.

Panya mnene wa nasaba ya pili aliposhonwa na panya wa kawaida, wa kawaida aliacha kula na kufa kwa njaa, chakula kikiwa mbele yake. Panya mnene wa nasaba ya kwanza aliposhonwa na wa kawaida, alipunguza kula na kupungua uzito. Tafakari kidogo na utaona alichoona Coleman. Kuna ujumbe wa shibe unaosafiri katika damu. Panya wa nasaba ya kwanza hawezi kuuandika, lakini akiletewa anausoma. Wa nasaba ya pili anauandika kwa wingi, lakini hana macho ya kuusoma. Mwenzake aliyeshonwa naye ndiye aliyefurikwa na barua zisizomhusu.

Jina la ujumbe huo lilisubiri hadi 1994, Jeffrey Friedman na wenzake huko Rockefeller walipoipata jeni yake. Homoni yenyewe ikaitwa leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba, na inatoka kwenye mafuta ya mwili. Mafuta yaliyodhaniwa kuwa ghala tu, kumbe yana karani.

Na mbwa je? Wenye mbwa aina ya Labrador hujua wanavyoombaomba chakula. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waligundua kwamba karibu mmoja kati ya wanne wa mbwa hao amepoteza kipande cha jeni iitwayo POMC, inayotengeneza ujumbe wa "acha" ubongoni. Baadaye waliwapima kwa soseji iliyofungiwa katika kisanduku kinachoonekana ndani. Mbwa wenye kasoro hiyo, ingawa walikuwa wamelishwa kama wenzao, ndio waliohangaika zaidi na kisanduku. Kumfokea mbwa kama huyo ni kumlaumu mtu kwa barua ambayo haikuandikwa.

5. "Basi kila mnene achomwe leptini, atapungua."
SI KWELI, isipokuwa kwa wachache sana

Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Mmoja, akiwa na umri wa miaka 8, alikuwa na kilo 86. Alipoanza kupewa leptini hamu yake ya kula ilishuka na uzito ukafuata. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1999, na mtu angeweza kudhani dawa ya unene imepatikana.

Haikuwa hivyo, kwa sababu watu wengi wanene wana leptini tele, kuliko hata wembamba. Barua zinafika kwa magunia, lakini ubongo umezizoea na hauzifungui. Kuongeza gunia jingine hakusaidii.

Leptini inaeleweka vizuri zaidi ukiigeuza. Kazi yake kubwa huonekana inapopungua. Mnyama akianza kukonda, leptini hushuka haraka, na ubongo huichukulia hali hiyo kama mbiu ya baa la njaa: hamu ya kula hupanda, mwili hubana matumizi, na hata uzazi huweza kusimama. Hii ndiyo sababu moja inayomfanya aliyejinyima akapungua ahisi mwili wake unamvuta arudi alikotoka. Mwili hautofautishi kati ya kiangazi na azma ya mwaka mpya.

6. "Homoni ya njaa huleta njaa kwa kila mnyama."
SI KWELI

Hapa kuku anaumbua vitabu. Ukimchoma panya grelini, hula. Ukimdunga kifaranga grelini ubongoni, huacha kula. Homoni karibu ni ileile, ujumbe umepinduka.

Leptini nayo imewasumbua watafiti wa kuku. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba jeni ya leptini ya kuku imepatikana, lakini ilifanana mno na ya panya kiasi cha kutiliwa shaka, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Jeni ya kweli ilielezwa mwaka 2016, na ikaonekana kwamba kwa kuku mafuta siyo mwandishi mkuu wa barua hiyo kama ilivyo kwa panya na sisi.

Mfugaji ana sababu ya kufuatilia habari hizi. Kuku wa nyama wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kukua haraka, na hamu kubwa ya kula ikachaguliwa pamoja nako. Ndiyo maana wazazi wao, wale wanaotaga mayai ya kutotolesha vifaranga vya nyama, hupimiwa chakula. Wakiachiwa wale watakavyo hunenepa kupita kiasi na utagaji wao huharibika. Miongo michache ya uchaguzi imemkuza ndege ambaye breki zake hazitoshi kwa mwendo aliopewa.

7. "Mnyama mwenye nagana hukonda kwa sababu vimelea vinamla."
NUSU KWELI

Kila mfugaji wa nchi ya mbung'o anajua sura ya nagana: mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama, mnyama ananusa majani na kugeuza kichwa. Vimelea hudhuru, hasa kwa kuleta upungufu wa damu. Ila si wao peke yao wanaokondesha.

Anthony Cerami wa Rockefeller na mwenzake Carol Rouzer waliwachunguza sungura walioambukizwa vimelea vya jamii hiyo. Sungura walikwisha mwili, na vimelea katika damu vilikuwa vichache. Vichache vile vingewezaje kumla mnyama mzima? Wakatafuta kitu kilichotolewa na mwili wenyewe wa sungura, na mwaka 1985 utafiti ukaonyesha kwamba kitu hicho, walichokiita kakektini, ni kilekile kilichokwisha kujulikana kwa wanaochunguza saratani kwa jina la TNF. Ni ujumbe wa askari wa kinga ya mwili, na mojawapo ya kazi zake ni kuzima hamu ya kula.

Kukosa hamu wakati wa maradhi, basi, ni amri inayotoka ndani. Kwa homa ya siku mbili amri hiyo huenda ikawa na faida, kwani mnyama aliyelala hatangitangi kutafuta malisho wala hajianiki kwa maadui. Maradhi yakidumu miezi, amri ileile humla aliyeitoa.

8. "Mate ya mjusi yalisaidia kupata dawa ya kupunguza hamu ya kula."
KWELI

Inasikika kama habari ya mganga wa njia panda, lakini ni kweli. Katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko huishi mjusi mnene mwenye sumu aitwaye Gila, anayekula milo michache tu kwa mwaka. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alieleza kemikali aliyoipata kwenye sumu ya mjusi huyo, inayotoka pamoja na mate. Ilifanana na homoni ya utumbo wetu iitwayo GLP-1, inayohimiza insulini baada ya kula na kuuambia ubongo kwamba chakula kimeingia.

GLP-1 yetu huvunjika katika dakika chache. Ya mjusi hudumu saa kadhaa. Kutokana nayo ikatengenezwa eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa siku hizi nyingi hazitoki tena kwa mjusi. Semaglutidi, kwa mfano, ni GLP-1 ya binadamu iliyorekebishwa ili isivunjike mapema. Lakini mjusi ndiye aliyeonyesha kwamba barua hiyo inaweza kuandikwa kwa wino usiofutika haraka.

Na wino ukikauka? Wengi wanaoacha sindano hizo hurudia sehemu kubwa ya uzito walioupoteza. Kusoma kauli ya tano tena kutakueleza sababu.

9. "Mnyama asiyekula, chakula kikiwa mbele yake, lazima anaumwa."
SI KWELI

Waulize wavuvi wa sato. Sato jike huyabeba mayai yake kinywani, na vifaranga vikianguliwa huendelea kuvilinda humohumo. Kwa siku zote hizo hula kidogo sana au hali kabisa, maana akimeza amemeza wanawe. Chatu naye akishameza swala hukaa wiki au hata miezi bila kutafuta kingine, wala hakuna anayemwita daktari.

Sasa turudi chini ya kitanda. Kuku anapoatamia, homoni iitwayo prolaktini hupanda katika damu yake na kumfunga kiotani. Kutaga husimama, joto la kifua huhamia kwenye mayai, na ulaji hushuka sana. Katika siku 21 anaweza kupoteza asilimia 10 hadi 20 ya uzito wake. Mtu angedhani anataka kula ila anaogopa kuyaacha mayai yapoe. Mwaka 1980 watafiti waliwachunguza kuku wa mwituni, mababu wa kuku wetu, na kuona kwamba hata chakula kikiwekwa palepale kiotani bado hawali vya kutosha kuzuia kukonda. Walipowanyima chakula kwa siku kadhaa kisha wakawarudishia, kuku walikula zaidi, lakini hawakurudi kwenye uzito wa kabla ya kuatamia. Walikula mpaka wakafikia uzito ambao wangekuwa nao siku hiyo kama wasingenyimwa, kisha wakaacha.

Maana yake, kuku hajazimwa njaa. Kipimo chake kimeteremshwa, hatua kwa hatua, siku kwa siku, na bado anakilinda kwa makini. Anakonda kwa mpango.

Tena, prolaktini hiyohiyo ukimdunga njiwa humfanya ale zaidi, kwa sababu njiwa, dume na jike, wanapaswa kutengeneza maziwa ya gole ili kuwalisha makinda. Kwa kuku homoni hiyo inakwenda na mfungo, kwa njiwa inakwenda na karamu. Barua ni moja, kila nyumba inaisoma kwa mahitaji yake.

Mtetea wa shangazi alitoka mara moja kwa siku, kwa kawaida asubuhi. Alikunywa maji, akadonoa haraka haraka, akaacha kinyesi kikubwa mbali na kiota, akarudi kabla mayai hayajapoa. Siku ya 21 vilisikika vilio ndani ya maganda. Vifaranga tisa vilipokauka manyoya, shangazi alimnyanyua mama yao kwa mkono mmoja, akampima kwa kumrusharusha kidogo kama mtu anayekadiria nazi sokoni.

"Amebaki manyoya," akasema, akamweka mbele ya pumba.

Kuku aliinamisha kichwa. Kwanza aliita, kwa ile sauti fupi fupi ya kuwaonyesha wana chakula kilipo. Vilipomkusanyikia, naye akaanza kula, na siku ile hakuna aliyemwita mlafi.